Mwanamume wa Pili wa Nyumba ya Karwa

Wifi yangu Karwa hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomponza. Ningekuwa na wifi mwongo kama wifi za wenzangu, leo ningekusimulia habari za mavuno tu.

Alikuwa mfumaji. Kila mwaka, mwezi wa kuwatoa wafu, alimfumia kaka yangu Asto nguo mpya. Tulipanda pangoni, tukamvua ya zamani, tukamvisha mpya, tukamnywesha pombe ya mahindi. Asto alikufa miaka tisa nyuma. Tulimzika kwanza kanisani kama padri alivyoamuru, kisha tukamfukua kimyakimya, maana nani atamwacha mtu wake akandamizwe na udongo mdomoni? Pangoni alikaa vizuri, magoti kifuani, na baba yetu ubavuni. Karwa alikuwa akimtania: "Umekonda, bwana, lakini hata ulipokuwa hai hukuwa na mwili wa kujivunia."

Basi mtawala wetu Mhispania, Don Gaspar, yuleyule aliyetuchomea nyumba za mlimani akatupanga bondeni kwa mistari kama viazi, akaamua kuhesabu watu. Nyumba yenye wanaume wawili itatoa mmoja aende kwenye machimbo ya Potosi kuchimba madini ya fedha; yenye mmoja itaachwa. Hayo hatukuambiwa siku ya kuhesabiwa. Mkalimani Felipe, kijana wa mji wa Kuzko aliyevaa soksi za Kihispania, alisimama tu mlangoni na karani wake mwenye kitabu cha majina.

"Wanaume wa nyumba hii?"

"Asto, mume wangu," Karwa akajibu. "Na Paukar, mwanangu."

Nilikuwa nyuma yake, na sikuona kosa. Ningeulizwa mimi ningejibu vivyo hivyo. Mume haachi kuwa mume kwa sababu ameacha kula viazi.

Wiki mbili baadaye majina yakasomwa uwanjani, na la Paukar likiwamo. Kwetu walishakwenda saba. Amerudi mmoja, naye anatema damu.

Karwa akaja kwangu, uso umemshuka. "Wifi, nakwenda kuwaambia Asto alipo."

"Watamchoma. Hujui padri anavyowafanya wafu wa mapangoni?"

"Najua."

"Ni kaka yangu, Karwa."

"Na Paukar ni mtoto wa kaka yako. Asto hana mapafu ya kuharibika."

Nilimtukana. Nilimwita muuza mume. Kisha nikajitanda shuka langu nikafuatana naye, ningefanyaje?

Don Gaspar hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa anakula kuku. Alimsikiliza Karwa mpaka mwisho, akapangusa vidole, akauliza kupitia Felipe: "Pango lipi?"

Walimshusha Asto amefungwa kamba, na nguo ya mwaka ule mwilini, nyekundu yenye ukingo wa njano. Baba yetu naye wakambeba, kwa kuwa walimkuta pale, yeye ambaye hakuna aliyemtaja. Nao wengine wote wa pangoni wakaletwa. Padri akasoma yake. Moto ulishika upesi mno, walikuwa wakavu. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Karwa hakulia. Alisubiri moto uishe, akaenda kupiga magoti mbele ya mtawala.

"Bwana, umeona kwa macho yako. Nyumba yangu ina mwanamume mmoja."

Don Gaspar akasema maneno machache, wala hakuyasema kwa ukali.

"Anasema kitabu kimeshapelekwa Lima kwa wakubwa wake, mama," Felipe akatafsiri. "Kitabu kinasema wawili."

"Lakini huyo wa pili amemchoma yeye mwenyewe."

Felipe akaangalia chini. "Nenda nyumbani, mama. Ukiendelea utachapwa viboko, na mwanao ataondoka vilevile."

Waliondoka asubuhi ya baridi kali, wanaume kumi na mmoja, na lama, wanyama wao wa mizigo, wamebeba viazi vikavu. Sisi wanawake tukawasindikiza kwa ngoma mpaka kwenye rundo la mawe, pale njia inapovuka mlima. Hapo ndipo kila mtu huwaita wafu wake wamlinde msafiri; aliyechomwa moto haitwi, maana hayupo tena. Wenzetu waliokuwa na mapango yao bado salama wakaita, huyu babu yake, yule mama yake, kwa sauti ya chini padri asisikie. Paukar alisimama mbele ya mama yake akingoja. Karwa akanigeukia.

"Wifi, nimwite nani?"

Nilitafuta jina moja la kumpa, nikakosa. Msimamizi wa msafara akapiga mluzi, na Paukar akateremka na wenzake bila kuombewa.