Mikono Miwili, Mwanangu

Mama mgawa chapati wa hekalu letu la Masingasinga hapa Brampton, ughaibuni, hampi mtu chapati mpaka akinge mikono miwili. Hana haraka, atakusimamia na kikapu chake kiunoni, unga umeganda kwenye bangili yake ya chuma, mpaka uone haya. Jikoni huimba nyimbo za mwanamuziki maarufu Lakhbir kwa sauti ya kukwaruza, na wenzake wakimcheka huwajibu, "Nyie mna wivu tu."

Jumapili Lakhbir mwenyewe akaja, kamleta mgombea ubunge, Bwana Mangat, aliyemng'ang'ania bega kama kupe. Sisi Masingasinga tuliokaa sakafuni tukaacha dengu zipoe, tukapiga picha. Jirani yangu aliahidi kura za ukoo mzima kabla wageni hawajaketi.

Lakhbir, simu mkono mmoja, akanyoosha ule mwingine. "Shangazi, kura yako mpe huyu kaka yangu."

"Mikono miwili, mwanangu."

Akacheka, akaweka simu chini, akakinga. Akapewa chapati yenye siagi nyingi kuliko zetu sote. Kisha mama akamgeukia mgombea.

"Na wewe. Mwachie, hatakimbia."

Bwana Mangat akaliachia bega, akakinga.

"Kumbe una mikono! Na mdomo je? Dada yangu kalazwa kwenye korido ya hospitali, vitanda hakuna. Ukishinda, utafanya nini?"

Bwana Mangat akaikunja chapati, akaikunjua, akamtazama Lakhbir amjibie. Lakini mdomo wa Lakhbir ulikuwa umejaa chapati.