Aliyeita Jina la Faraji Sakafuni

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi duka la chini siku Delia alipoburuta fulana ya mdogo wangu sakafuni akiita jina lake, na leo nimeshakuwa mama mwenyewe, ngoja nianze vizuri maana nikikimbilia katikati nitavuruga.

Tulikaa Dubai, International City, chumba kimoja ndani ya fleti ya watu wengi, kuta za mbao nyembamba, jirani akikohoa unamwambia pole. Huku sisi, mama na baba na mimi na Faraji ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Upande wa pili Delia, mwanamke wa Bolivia, mfupi, nywele kazisuka misuko miwili mpaka kiunoni, anafua mashuka pamoja na mama kwenye hoteli moja ndogo mtaa wa Al Muraqqabat. Walizungumza Kiingereza cha kazini, na Kiarabu kidogo, yalla ya kuhimizana na khalas ya kukata maneno, na Kiswahili alichokiokota Delia kwetu.

Walianza kwa ugomvi hao. Siku ya kwanza kwenye lifti Delia na mwenzake walimwona mama, wakafinyana mikono, wakacheka. Mama akawaka. Baadaye Delia alimweleza, kwa aibu, kwamba kwao ukikutana na mtu mweusi barabarani unamfinya uliye naye, eti unajipatia bahati. Mama akamtazama weee, akamwambia, "Mwaka mzima unaniona mimi asubuhi na jioni, mbona bado unafua mashuka?" Delia alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo akawa anamwita mama komadre, neno la kwao la mwanamke mnayeleleana watoto.

Baba hakumpenda. Baba alikuwa dereva wa lori la maji, mtu wa swala tano, na mkono mwepesi wa kupiga. Alisema wanawake wa Amerika Kusini ni wa namna mbili tu, waliobeba unga tumboni na wanaowinda waume za watu, na wote wachawi. Alikuwa hajawahi kuongea na hata mmoja zaidi ya salamu. Na yeye kalelewa na bibi yangu wa Tanga, ambaye hakuacha nguo ya mtoto ilale kambani hata siku moja. Nguo imeshika jasho la mwenyewe, bibi alikuwa akisema, mwenye nia mbaya akiipata nguo na jina basi keshampata mtu. Hata Dubai, baba akirudi kazini kitu cha kwanza anaanua nguo za Faraji dirishani, hajavua hata viatu.

Jumatano moja baba alimpiga mama. Sababu siikumbuki, nadhani hata haikuwepo. Mama alikuwa kampakata Faraji, ngumi ikampata jichoni, akayumba, kichwa cha mtoto kikagonga fremu ya mlango. Faraji alilia mara moja, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha mimi kuliko kilio. Tangu hapo akawa hanyonyi. Ukimwekea ziwa mdomoni maziwa yanamwagika pembeni, macho anayafumbua nusu, mlango ukifungwa anashtuka mwili mzima.

Mama alitaka hospitali. Baba akakataa. "Daktari ataliona hilo jicho lako, ataita polisi. Mimi nikifungwa mtakula nini hapa? Mtoto ana mafua huyo. Khalas." Funguo akatia mfukoni akienda kazini, Alhamisi nzima tumefungiwa, na fleti nzima inasikia, hakuna aliyebisha hodi.

Ijumaa baba alipokwenda msikitini alisahau kufunga. Delia akaingia. Alimtazama Faraji, akamshika nyayo, akamwangalia mama lile jicho, akauliza, "Alikuwa wapi mtoto, wewe ulipopigwa?"

"Mikononi mwangu."

"Basi roho yake imeshtuka, imebaki pale chini. Kwetu tunaiita irudi." Roho ya namna hiyo kwao inaitwa ajayu, alisema, mtoto akiogopeshwa sana inamtoka, na asipoitwa anakonda mpaka anakufa. Halafu akasema jambo ambalo nilikuja kulielewa nimeolewa. "Wa mjini kwetu wanatucheka sisi wa milimani, wanasema mwanamke wa milimani asipopigwa anadhani hapendwi. Uongo, komadre. Mama yangu alipigwa miaka yote, hakupenda hata kivuli cha yule mwanaume."

Mama akasema, "Hata kwetu wanasema hivyo hivyo."

"Tumwite, halafu hospitali. Yote mawili. Vaa viatu."

Mama alianza kutafuta viatu. Delia akachukua fulana ya Faraji, akapiga magoti pale mlangoni, akawa anaiburuta taratibu sakafuni kama mtu anayekusanya unga uliomwagika, anaita, "Njoo, Faraji. Usibaki hapo. Njoo, mwanangu, mama yako yuko huku."

Baba akafungua mlango.

Jamani. Hebu muone alichokiona yeye: mwanamke yule aliyemwogopa, kapiga magoti, nguo ya mwanawe mkononi, jina la mwanawe mdomoni. Kila alichoonywa na mama yake tangu mdogo kilikuwa pale sakafuni. Hakuuliza. Alimkamata Delia kwa ile misuko akamvuta, kichwa kikagonga mtungi wa gesi, ukalia kama kengele, damu ikamwagika sikioni mpaka kwenye gauni. Akampiga teke la tumbo. Akampiga tena. Watu wakajaa kolido, na mlinzi mmoja Mganda, mpole, aliyezoea kunipa peremende, ndiye aliyepiga kelele, "Mchawi huyo! Kashika nguo ya mtoto! Usimwachie!" Hakuna aliyezuia. Waliosikia mama akipigwa Jumatano wakakaa kimya, Ijumaa walitoka wote.

Delia akanyanyua uso, meno mekundu, akamwambia baba kwa Kiswahili chake kibovu, kila mtu akasikia, "Mtoto ameogopa wewe."

Hapo baba akapandwa kabisa. Alipouinua mguu Delia akaukumbatia, mikono yote miwili, akajikunja kuuzunguka kama mtoto anayekataa kuachwa, baba anamtwanga mgongoni kwa ngumi na yeye haachii. "Yalla, komadre! Yalla!"

Mama alisimama. Nakumbuka alisimama, kiatu kimoja mguuni, akimtazama rafiki yake. Kisha akamkumbatia Faraji kifuani, akanivuta mkono, tukapita katikati ya wale watu, na hawakutuzuia kwa sababu walikuwa wanatazama kipigo. Tulipokuwa kwenye lifti bado tulikuwa tunasikia.

Daktari alisema damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu la Faraji. Walimpasua jioni ile ile. Alisema tungengoja mpaka asubuhi tusingekuwa na mtoto.

Delia hatukumwona tena. Mama alimtafuta kule hotelini, wakamwambia amerudishwa kwao, wengine wakasema hapana, amehama tu. Baba aliwaeleza watu wote kwamba mchawi wa Bolivia alimloga mkewe akamkimbia, na wakamwamini, na wapo Tanga wanaoisimulia hivyo mpaka leo. Faraji sasa ni kijana, ana kovu juu ya sikio, ukimwita kwa kelele hageuki, anajikunja kwanza.

Watu huniuliza naamini lipi, roho iliitwa ikarudi au ni madaktari. Sijui, na siku hizi silioni kuwa swali. Ninachokijua ni kwamba fleti nzima iliogopa fulana ya mtoto na haikuogopa ngumi. Baba aliogopa Amerika Kusini yote, mahali asipopajua hata kwenye ramani, ili asiogope mkono wake mwenyewe. Na mwanamke ambaye kila mtu alishamaliza kumjua kabla hajafungua mdomo ndiye peke yake aliyesema kilichompata Faraji.

Mimi nimerudi Dubai, nimeolewa, nina binti wa miezi saba. Mume wangu si baba yangu, najiambia hivyo kila siku. Lakini leo asubuhi alipiga meza kwa kiganja, kwa ajili ya simu tu, na binti yangu akaacha kunyonya, akatoa macho. Nilimpakata vizuri. Nikamwambia mume wangu, sauti ndogo kabisa, "Mtoto amekuogopa wewe."

Alichukua ile simu. Akatoka kwenda kazini bila kusema neno, na sasa ni adhuhuri, mtoto amelala, nami sijui bado ule ulikuwa ukimya wa namna gani. Viatu nimeshavaa.