Joho la Eliane Nyumbani kwa Sajini

Eliane alipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kumwalika baba yake kwenye mahafali, alimkuta shambani akipalilia maharage. Hakumwita kwa mbali. Alivua viatu, akaingia matutani, akapiga magoti mbele yake na kumpa kadi kwa mikono miwili.

Gervais alijipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Akaisoma polepole: jina la chuo kikuu cha Mbarara, jina la binti yake, tarehe ya mwezi wa kumi, mwaka 2014.

"Ni wewe huyu?"

"Ni miye, Papa. Nimemaliza masomo ya kuuguza. Kila mwanafunzi banamupatia kadi mbili, moja ya baba, moja ya mama." Mama yake, Sidonie, alikuwa kaburini mwaka wa tano sasa, nyuma ya kanisa lao la mabati. "Ile ya pili nataka kumupa Mama Robinah. Na siku moja mbele ya mahafali utalala kwabo. Asubui muzazi njo anavalisha mutoto joho, anamuombea, kisha tunaenda."

Gervais akamrudishia kadi. "Chuo nitafika. Kwa Robinah, hapana. Unajua."

Eliane alijua. Robinah alikuwa mchuuzi wa Mbarara aliyekuja Base Camp, kituo kikuu cha Nakivale, kila siku ya soko kununua maharage, na hapo ndipo alipozoeana na Sidonie hata wakawa kama ndugu. Sidonie alipofariki, Robinah alilia kuliko baadhi ya jamaa. Eliane alipopata nafasi ya chuo, karo ikilipwa na wafadhili lakini malazi hayana mwenyewe, ni Robinah aliyesema, "Huyu ni wangu, atalala kwangu." Gervais alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mume wa Robinah, Jovan, alikuwa sajini katika kambi ya jeshi upande wa Biharwe. Kwa miaka yote mitatu Gervais hakuwahi kukanyaga kwao. Alipotaka kumwona binti yake, walikutana sokoni Mbarara, wakala andazi wamesimama, wakaagana.

Mwaka 1996, kijijini kwao katika milima iliyo juu ya Uvira, watu wenye sare walifika wakati wa kukamua ng'ombe. Walimwamuru ainue mikono, akainua. Mwanawe wa kwanza, Ulrich, kijana wa miaka kumi na mitano, naye akainua yake. Gervais aliambiwa ashushe. Ulrich hakuambiwa. Mpaka leo Gervais hakujua watu wale walikuwa wa nani, wala walitumwa na nani. Alichobaki nacho ni rangi ya nguo zao. Tangu siku hiyo jina la kijana halikutajwa nyumbani, si njiani walipokuwa wakikimbia, si Nakivale walipopewa kiwanja. Eliane, aliyekuwa bado mdogo, alimjua kaka yake kwa ule ukimya tu.

"Sikulazimishi, Papa," Eliane alisema, akiinuka na kujikung'uta udongo magotini. "Lakini asubui ile, nani atanivalisha?"

Baba yake alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akaanza jingine. Jua lilipopoa alikwenda kwa Mchungaji Appolinaire kuazima koti.

Siku moja kabla ya mahafali, Gervais alishuka Biharwe na kuku mmoja na mfuko wa unga wa muhogo. Robinah alimpokea kwa kupiga magoti, kama ilivyo desturi ya wanawake wa kwao.

"Taata Eliane! Webare kwija, asante kwa kuja! Ingia, ingia, nyumba ni yako."

"Nitakaa hapa inje kwanza, Mama."

Robinah hakumbishia. Alimletea kiti kivulini mwa ukuta, kisha akarudi kwenye kazi yake. Ua ulikuwa umejaa wake wa askari wakimenya matoke. Tenti ya sherehe ya kesho jioni ilikuwa imekwisha kusimamishwa, na viti vya plastiki vimepangwa safu safu. Juu ya meza, Robinah alipiga pasi ya mkaa joho jeusi lililoazimwa chuoni, akitanguliza kitambaa chenye maji ili moto usiling'arishe. Alimwonyesha Gervais kila kitu kwa utaratibu: skafu ya rangi ya kitivo inayoning'inia mgongoni, kofia bapa yenye kishada, namna ya kuishika isipoteze umbo. Eliane mwenyewe alikuwa chuoni kwenye mazoezi, wakifundishwa mahali pa kusimama na wakati wa kuinua kofia.

"Mama yake angekuwa hapa," Robinah alisema, pasi imesimama hewani, "mimi ningekuwa jikoni tu."

Gervais aliitikia kwa kichwa. Alianza kuhisi kwamba pengine ataweza. Ndipo lango lilipofunguliwa, na Jovan akaingia akitoka kazini, sare mwilini, buti miguuni, kofia kichwani.

Gervais hakuamua lolote. Mwili wake ndio ulioamua. Alijikuta amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, na mikono yake yote miwili iko juu ya kichwa, vidole wazi. Wanawake waliacha kumenya. Gervais alisikia pumzi zake mwenyewe kana kwamba ni za mtu mwingine anayekimbia.

Jovan alisimama pale pale langoni. Alimtazama mzee, akaitazama ile mikono, akaelewa. Hakuongeza hatua. Alirudi nyuma taratibu, akatoka, akalifunga lango. Alizunguka kwa jirani, na aliporudi alikuwa amevaa singlendi na suruali ya kuazima isiyomfika vifundoni, miguu mitupu. Akachuchumaa mbali kidogo na mzee, ili asiwe juu yake.

"Mzee, hapana ogopa. Mimi iko Jovan, bwana ya Robinah. Hapa ni nyumbani."

Gervais alishusha mikono. Aibu ilimshika kuliko hofu ilivyomshika. "Unisamehe," alisema. "Ni mikono. Miye sikuituma."

"Najua, mzee. Mimi nilipaswa kufikiri mbele."

Walikaa hivyo mpaka jua likaegemea vilima. Robinah aliwaletea chai, akawaacha. Na Gervais, ambaye hakuwa amemweleza hata mchungaji wake, alimweleza sajini. Alieleza asubuhi ile, ng'ombe, amri, mikono. Alieleza jinsi yeye alivyoambiwa ashushe.

"Jina yake nani?" Jovan aliuliza.

"Ulrich."

"Ulrich," Jovan alirudia, kwa taabu, maana ulimi wake haukulizoea. Aliinama. "Mimi hapana jua nani walifanya. Lakini watu kama wale iko, nimeona. Vitu vingine nimeona, hata Robinah sijaambia. Pole, mzee. Neno ingine sina."

Gervais alishukuru kwamba Jovan hakulitafuta.

Asubuhi walikusanyika sebuleni. Kwenye msumari ukutani ilining'inia sare ya sherehe ya Jovan, imenyooshwa kama karatasi. Robinah alikuwa ameipiga pasi kabla ya yote yale, kwa kuwa kwa askari siku ya heshima ni siku ya sare hiyo. Lakini Jovan alikuwa amevaa shati jeupe.

Gervais aliitazama ile sare. "Kama ni heshima yenu, uvae. Nitavumilia."

"Hapana, mzee. Leo ni siku ya mtoto. Ile itabaki hapo."

Gervais akalitwaa joho. Robinah akamsaidia kushika mabega. Eliane aliinama, joho likamwingia, skafu ikakaa mgongoni. Baba akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti kabla ya kofia, akaomba kwa Kifuliiru, lugha ambayo humo ndani yeye na Eliane tu ndio walioielewa. Wengine wote walifumba macho mpaka aliposema amina.

Chuoni, Gervais na Robinah walikaa pamoja chini ya tenti ya wazazi. Bendi ilipiga, wakubwa wakapita kwa maandamano na majoho mekundu. Kundi la Eliane liliposimamishwa na maneno ya kutunuku shahada yakatamkwa, kofia ziliinuliwa zote kwa pamoja, na Robinah akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Gervais hakushangilia. Alikuwa amesimama wima, koti la mchungaji limefungwa vifungo vyote, akitafuta uso mmoja kati ya mamia. Alipouona, akakaa.

Jioni, Biharwe, mshereheshaji aliwaita wazazi kwenye meza ya mbele. Robinah alikaa kwenye kiti cha mama. Kabla ya keki, desturi ilitaka baba aseme neno. Gervais alipewa kipaza sauti, akakishika kama kitu cha moto.

"Miye siko mutu wa kusema mingi. Niko na batoto babili." Watu wakageuka wakimtafuta wa pili. "Eliane munamuona. Mwingine ni Ulrich. Batu ba bunduki balimuua mbele yangu. Hii nyumba nilikuwa naiogopa, na hata sasa sijamaliza kuogopa. Lakini mutoto wangu alilala hapa miaka tatu, na kila asubui aliamuka muzima. Ni ile tu nilikuja kusema. Aksanti."

Mshereheshaji, aliyekuwa na mzaha tayari mdomoni, aliuacha. Eliane alikuja na sahani ya keki, akapiga magoti na joho lake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, kwa kuwa hakuwa amewahi kulisikia jina lile kinywani mwa baba yake. Alimlisha yeye kwanza, kisha Robinah, kisha akaenda mpaka nyuma ya tenti alikokuwa amesimama Jovan.

Mwaka uliofuata Eliane aliajiriwa kwenye zahanati ya Base Camp, na Jovan akapata uhamisho wa kwenda kambi ya mbali. Kabla ya kuondoka, alikuja Nakivale na mkewe kuaga. Walikula bugali na ndagala, dagaa wakavu wa kwao, kisha Gervais akawapeleka nyuma ya kanisa, lilipo kaburi la Sidonie. Majani yalikuwa yamelifunika. Jovan alichuchumaa akaanza kuyang'oa, na Gervais akachukua jembe kusawazisha pembeni.

"Ulrich alipenda nini?" Jovan aliuliza bila kuinua kichwa.

Gervais alisimamisha jembe. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akaanza: kijana alipiga mluzi akitangulia ng'ombe, aliogopa maji ya ziwa, alipenda sombe ya majani ya muhogo kuliko nyama, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Kadiri alivyosema ndivyo mengine yalivyomjia. Robinah alikaa chini kwenye nyasi kusikiliza, na Jovan akaendelea kung'oa majani, polepole, ili kazi isiishe mapema.