Njia ya Kipushi Uani Kwetu

Juzi mjukuu wangu alikuwa akichora mtaa wetu kwa kazi ya shule, nami nikasikia tena harufu ya maji ya samaki.

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule ili niwalee wadogo zangu wawili. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na basoda, yaani askari wa jeshi, walipita kila siku. Mchana mmoja nilichora kwa kijiti kwenye ua uliofagiwa: mitaa ya Kamalondo na Makomeno, kisha njia ndefu ya Kipushi kwa shangazi, wadogo zangu wajue pa kukimbilia tukipotezana.

Jirani yetu, Mama Odia, aliacha kuosha samaki akatukazia macho. Nilimshuku kwamba angetusemea kwa basoda.

"Weye mutoto, nani alikutuma kuchora njia?"

"Hakuna muntu."

Lori likanguruma, likasimama. Papo hapo Mama Odia akamwaga beseni lote la maji juu ya mchoro wangu. Soda mmoja akaingia, akakanyaga matope.

"Awa batoto banafanya nini?"

"Banangojea samaki, shefu."

Akaondoka akifuta kiatu.

Samaki wale aliotuletea jioni sikuwagusa, na kwa miezi mingi sikumsalimia Mama Odia. Sikujua kwamba siku zile kuchora barabara kulitosha kumfanya mtu aitwe mpelelezi.

Nilimwomba mjukuu aongeze nyumba moja, karibu kabisa na yetu.