Nilishindwa kusema "hakuna maziwa" kwa Kifaransa siku ya interview

Asalam aleikum wakuu. Mnisamehe makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, naandika polepole, na kioo cha simu yangu kimepasuka. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi na mama yangu, hooyo, tunauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Jumamosi mchana najifunza Kifaransa kwa fundi cherehani mmoja kutoka Kongo.

Fundi aliniambia kuna ofisi inayopokea wakimbizi wa Kongo na Burundi, inatafuta mtu wa mapokezi. Niliitaka sana kazi hiyo. Mimi ni mtu wa aibu, na nafasi kama hizo hunipita nikiwa nimenyamaza.

Kilichonisumbua ni kukanusha. Ukiwa na maziwa unasema "du lait". Yakiisha, "du" inageuka "de": "Il n'y a pas de lait", hakuna maziwa. "Un", "une" na "des" nazo hivyo hivyo. Ila ukisema haya si maziwa, "du" inabaki: "Ce n'est pas du lait". Fundi alinionyesha kwa bakuli la maji yake ya kupigia pasi: si maziwa, ni maji.

Nikawa nafanya mazoezi mezani petu. Hooyo akauliza, "Unasema nini?"

"Hakuna maziwa."

Akaweka kikombe chini. "Kwa meza ya maziwa? Unafukuza baraka, wewe."

Kwake neno hilo halitamkwi. Debe likiwa tupu, mteja huambiwa, "Yanakuja."

Basi nikahamia vitu visivyomhusu. Hakuna theluji. Hakuna treni. Hooyo akazoea, kila asubuhi ananiuliza, "Leo Wafaransa wamekosa nini?"

Siku ya interview, mama mwenye ofisi akainua jagi tupu. "Il y a du lait?" Kuna maziwa?

Jibu nilikuwa nalo. Mdomo ukakataa. Nikasema, "Le lait arrive." Maziwa yanakuja.

"Yanatoka wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nikamweleza habari ya hooyo. Hakucheka. "Kijana, hapa mtu atakuuliza kama kuna mablanketi. Ukimwambia yanakuja, atakaa juani na watoto hadi jioni."

Akainua jagi tena.

"Il n'y a pas de lait, madame," nikasema, sauti chini.

Akasema atanipigia simu.

Niliporudi sokoni, debe letu lilikuwa tupu. Pembeni alikaa bibi mmoja na chupa yake. Aliambiwa yanakuja tangu saa nne, na sasa ilikuwa saa nane. Sijui wangapi kama yeye nimewahi kuwapita.

Nikamwendea, nikamwita shangazi kwa Kisomali. "Eeddo, leo hakuna maziwa. Njoo kesho asubuhi, nitakuwekea."

Akasimama, akakung'uta vumbi. "Ungesema mapema ningekuwa nimeshapika," akasema, akaenda zake.

Hooyo hakunisemesha hadi jioni. Kesho yake bibi yule alikuwa mteja wa kwanza. Hooyo akamjazia chupa hadi juu.

Simu ilikuja Alhamisi. Naanza Jumatatu, mwezi mmoja wa majaribio.

Somo langu ni dogo. Kubadilisha "du" kuwa "de" nilikuwa nimeshaweza. Kumtazama mtu anayengoja na kumwambia hakuna, hilo bado najifunza.

Mnaofanya kazi za mapokezi, nyinyi huwaambiaje watu? Tafadhali niandikieni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote.