Zabibu za Makutupora Ndani ya Duara

Siku shemeji yangu alipofika na zabibu, nyuki ndio waliotangulia kushuka kwenye lori. Walikuwa wengi mpaka nikadhani na wao wamelipa nauli kutoka Dodoma. Nyuma yao kreti thelathini zimefunikwa turubai, juisi inachuruzika hadi kwenye matairi, na ng'ombe wa jirani analamba bampa la lori kama amepewa chumvi. Nusu ya kijiji chetu cha Bugarama ilitoka kuangalia. Nusu nyingine ilikuja baada ya chakula.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Mke wangu ni Mgogo, na kwao wana shamba la zabibu, ile aina nyeusi wanayoiita Makutupora, ambayo ndiyo inakamuliwa mvinyo mwekundu. Msimu ule mnunuzi wake alimwambia matangi yamejaa, rudi nazo. Sasa zabibu iliyochumwa haina subira hata kidogo. Ukilala nayo siku mbili inaanza kuoza na kunuka kama kilabu cha pombe. Akapakia zote akaja kwetu, maana alisikia huku migodini watu wanapenda mvinyo mwekundu na nyama choma. Na pia kwa sababu mimi nilimwambia kwenye simu kwamba nina sehemu ya baridi.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

Sehemu yenyewe ni duara, yaani shimo la dhahabu, nyuma ya nyumba yangu. Waliolichimba walikosa mwamba wenye dhahabu wakahama, mimi nikajenga karibu nalo nikaweka mbao juu watoto wasidumbukie. Kwenye simu nilisema lina futi mia tatu na huko chini watu wanavaa makoti. Lina futi thelathini na mbili, na chini kuna ubaridi kama wa pembeni ya mtungi wa maji. Nilisema pia kwamba mimi ni mchimbaji mkongwe, nimeshuka mpaka nikasalimiana na majini kwa majina. Ukweli ni kwamba miaka yangu yote ya mgodini nilikuwa mvuta kamba. Mtu wa juu. Kushuka nimeshuka mara mbili. Mara ya kwanza nilipandishwa nikiwa nimefumba macho, na mara ya pili sikufika chini, nilipiga kelele mpaka watu wa maduara mengine wakatoka kuuliza nani amefariki. Shimo naliogopa kuliko simba. Simba ukimwona unakimbia. Shimoni unakimbilia wapi?

Shemeji alivaa mabuti mapya ya mpira akazikanyaga zabibu kwenye beseni kubwa la kuogeshea watoto. Nilishangaa juisi inatoka nyeupe, kama maji ya muwa.

"Wekundu uko wapi?" nikamuuliza.

"Wekundu uko kwenye ganda, shemeji. Ndiyo maana maganda yanakaa humohumo kwenye juisi mpaka iive. Lakini yakiumuka yanapanda juu yanakuwa kofia. Kofia lazima uisukume izame, asubuhi, mchana na jioni. Usiposukuma, ikikauka, umepata siki ya kachumbari."

"Na ukiweka ndani ya nyumba?"

Akanyoosha kidole kwenye bati langu. Ilikuwa Septemba, na Septemba ya kwetu kuku anataga yai limeshachemka. "Humo hamira itakufa kwa joto," akasema. "Twende kwenye hilo shimo lako la makoti."

Tulishusha mapipa matatu matupu, yale ya plastiki ya bluu, halafu tukashusha juisi na maganda ndoo kwa ndoo. Nasema tulishusha, lakini chini alikuwa yeye. Mimi nilikuwa kwenye winchi, lile gogo la kuzungusha kamba.

"Mzoefu si utangulie?" aliniambia siku ya kwanza.

"Mgongo."

"Mgongo umeanza lini?"

"Umeanza ulipofungua shimo," mke wangu akadakia, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikawaacha wacheke. Lakini vitu viwili sikukubali mzaha. Kwanza, haendi mtu chini bila kamba, na kamba inapita kwapani, si kiunoni, maana mtu akivutwa kwa kiuno anakunjika kama shati. Pili, kabla ya mtu unashuka mshumaa. Unauwasha, unauweka kwenye kopo, unaushusha kwa uzi. Ukifika chini unawaka, na mtu ataishi. Ukizimika, hewa ni mbaya, hakuna wa kushuka. Hayo ndiyo niliyojifunza kwa miaka yote ile ya kusimama juu nikitetemeka, na nimewaona wenzangu waliopuuza.

Siku ya kwanza mshumaa uliwaka. Siku ya pili uliwaka, ingawa ulipofika chini kabisa ulisinzia kidogo. Mapipa yalikuwa yanachemka bila moto, povu jekundu, na ukiinama mdomoni mwa shimo unasikia kama mtu anakaanga samaki huko chini. Mimi nilikuwa naamka nimelowa jasho. Naota shimo limesogea mpaka chini ya kitanda.

Siku ya tatu asubuhi, jua limeshapanda, nikashusha mshumaa. Ulipofika katikati ukazimika. Nikaupandisha, nikawasha, nikashusha tena. Ukazimika palepale, utadhani kuna mtu amekaa hapo anaupuliza. Mimi sina nywele, lakini zilisimama.

"Shemeji, usishuke."

"Upepo huo."

"Upepo gani unakaa sehemu moja?"

"Sasa hewa imeharibiwa na nani? Humu hakuna baruti, hakuna jenereta, hakuna mtu aliyelala. Kuna zabibu tu. Na zabibu mimi nimelala nazo chumba kimoja toka nazaliwa."

"Ngoja mchana tujaribu tena."

"Mchana kofia imekauka. Unataka nirudi Dodoma na mapipa matatu ya siki? Nitawaambia nini nyumbani?"

Yeye alijua zabibu, mimi nilijua mashimo. Zabibu zikiwa shimoni, hakuna kati yetu aliyezijua. Baadaye ndiyo tuliambiwa kwamba lile povu linatoa hewa nzito, inatulia chini kama maji, na inapanda polepole hadi inajaa. Kwao mapipa yanakaa kwenye banda la wazi, hewa inajiendea zake. Kwangu tulikuwa tumeiwekea mtego, halafu tunamshusha mtu ndani.

Akashika mwiko wake mrefu wa kusukumia, akaanza kushuka kwa kukanyaga matimba, zile mbao zinazoshikilia kuta. Mimi nikawa nalegeza kamba.

"Shemeji?"

"Naam."

"Uko sawa?"

"Harufu kali leo. Inachoma pua."

"Panda."

"Nimeshafika, nasukuma moja tu..."

Neno lake likaishia hapo. Nikasikia mwiko unagonga pipa. Halafu ikabaki ile sauti ya kukaanga samaki.

Kamba ikawa nzito mikononi mwangu. Mvuta kamba anaujua uzito wa mtu anayejishika na uzito wa mtu asiyejishika, na huu ulikuwa ule wa pili. Niliita sijui mara ngapi. Mke wangu akatoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Yuko wapi?"

"Chini."

"Anajibu?"

"Hajibu."

"Baba, shuka ukamtoe."

"Sishuki."

"Wewe si mchimbaji? Miaka yote hii unatuambia wewe ni mchimbaji."

"Nilikuwa mvuta kamba, mama. Nikishuka tutakuwa wawili huko chini."

"Unaogopa."

"Naogopa."

Akaniangalia. Jicho lile siwezi kukuelezea, na mimi ni mtu wa kuelezea. Kisha akajifunga kanga vizuri na kuweka mguu kwenye timba la kwanza. Nikamshika mkono, nikamvuta, nikamweka kwenye mpini wa pili wa winchi kwa nguvu ambazo sijawahi kumshikia nazo. "Zungusha," nikamwambia. "Hapa ndipo utamtoa. Zungusha."

Tukazungusha. Kamba ikaja, ikaja, ikagoma. Mke wangu akashikilia, nikainama kuangalia. Kwenye giza niliona kichwa kimeangukia upande na mkono mmoja umenasa chini ya timba. Tukivuta zaidi tunavunja mkono, au tunavunja timba kuta zije zote. Kumnasua ilibidi tulegeze, na kulegeza ni kumrudisha kwenye ile hewa.

Majirani wakawa wameshafika. Mmoja wao, mchimbaji kweli, kifua kama mlango wa kanisa, akaanza kuvua shati ashuke. Nikajilaza kwenye mdomo wa shimo. Mimi ambaye kuku wa jirani akinitazama vibaya nabadilisha njia, nikamwambia, "Utanikanyaga kwanza."

"Mzee, mtu anakufa."

"Mshumaa umezimika nusu ya njia. Utakufa juu yake. Kalete blowa yako."

Hilo la mshumaa alilielewa. Akageuka kukimbilia duara lake, ambako ana ile feni ya kupulizia hewa na mpira wa nailoni. Mimi nikarudi kwenye kamba. Nikamwambia mke wangu, "Tunalegeza mara moja, natikisa, unavuta." Akasema, "Usimwachie." Nikasema simwachii. Tukalegeza kiasi cha mkono mmoja. Nikaitikisa kamba ule mtikiso wa kunasua ndoo, ambao nimeufanya mara elfu moja, lakini ndoo haina mama yake. Haikutoka. Nikalegeza tena. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujua nahesabu nini. Nikatikisa upande wa pili. Kitu kikaachia.

"Vuta."

Alitoka amelegea, uso una rangi ya jivu la kuni. Tukamlaza. Hata kwenye hofu ile kuna mama mmoja alipiga goti akaniamkia shikamoo, na mimi nikaitika marahaba, sijui kwa akili gani. Mke wangu alikuwa anampepea kwa kanga, anampiga makofi mashavuni, anamwita kwa jina la utotoni ambalo sijawahi kulisikia. Kifua hakikupanda. Akampiga tena. Nilisimama pale nikamwambia Mungu vitu vingi, vingine vilikuwa ahadi ambazo sina uwezo nazo.

Akakohoa. Akatapika. Akakohoa tena, akafungua macho, akamwangalia dada yake kama anamlaumu kwa kumwamsha.

"Kofia imezama?" akauliza.

Hapo ndipo mke wangu alipolia, siyo kabla. Mimi nilitaka kwenda kumshika bega nikashindwa, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa bado vimeikamata kamba na vinakataa kufunguka. Yule mwenye kifua alivibandua kimoja kimoja. Suruali yangu ilikuwa imelowa, na nilimwambia kila mtu ni maji ya ndoo. Hakuna aliyeuliza ndoo gani.

Blowa ilipuliza siku ile yote na kesho yake yote. Keshokutwa yake mshumaa ulishuka mpaka chini ukawaka umesimama wima. Nikaurudia mara tatu. Nikatamani uzimike. Maana shemeji alikuwa ameshavaa mabuti.

"Ziache," nikamwambia.

"Ni mwaka mzima wa shamba ule, shemeji."

"Nakuomba."

"Mshumaa unawaka. Sheria ni yako."

Nikamfunga kamba mbili. Blowa ikaendelea kunguruma. Mke wangu alishika mpini mmoja bila kuambiwa, mimi mwingine, na nikamwekea shemeji sharti: asinyamaze. Aongee toka timba la kwanza mpaka atakaporudi, na akinyamaza kwa muda wa kumeza mate tu, navuta.

"Niongee nini?"

"Chochote."

Akashuka anaongea. Alianza na habari za ukoo, zikaisha kwenye futi kumi. Akaingia kwenye mpira, hajui mpira. Mwisho akabaki na kitu anachokijua. Sauti ilikuwa inapanda toka gizani, mimi na mke wangu tumeinamisha masikio.

"Makutupora ina punje ndogo, nyeusi, ngozi nene. Ndogo ni nzuri, maganda yanakuwa mengi, rangi inakolea. Inavunwa mara mbili kwa mwaka. Unachuma asubuhi kabla jua halijaipiga."

"Endelea."

"Mvua ikiikuta imeiva inapasuka. Ukionja changa inakuchachia mpaka sikioni. Mvinyo wake ni wa nyama, usiupeleke kwa samaki. Ukiutoa leo ni mkali, uache ukae miezi ndipo utulie. Pipa la kwanza... la kwanza limeshakuwa siki."

Akanyamaza. Mikono yangu ikaanza kuzungusha.

"Acha kuvuta, naonja la pili."

"Onja huku unaongea."

"Mtu anaonjaje huku anaongea?"

"Kaka," mke wangu akasema, "ongea."

"La pili zima," ikasema sauti. "La tatu zima. Nasukuma. Mbegu usiziponde, shemeji, zina uchungu. Unakanyaga kwa miguu, siyo kwa jiwe, mguu ni laini, mbegu inabaki nzima..."

"Endelea," nikamwambia. "Mbegu inabaki nzima, halafu?"

"Halafu nasukuma tena," ikajibu sauti toka chini.