Kimya cha Kabini

Safari hii nilijilipia kabini pamoja na chakula cha mezani, nione kama raha ile inalingana na bei yake. Jirani yangu alikuwa papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba mzee. Boti lilipoondoka Kisangani tulikula pamoja chakula cha mchana, pondu ya majani ya muhogo, akaniambia, "Miye niko natafuta kimya," kisha akajifungia chumbani mwake.

Asubuhi nilikuta sahani yake ya jioni bado iko mlangoni, haijaguswa. Ndani, kwenye ukuta uliotutenganisha, kitu kilikuwa kikigonga polepole. Nikamuuliza mhudumu, akanijibu akiniita mjomba:

"Iko mashine, tonton. Na ule papa alisema batu basimusumbue."

Tulipofika Isangi, mashine ya boti ikazimwa. Boti zima likanyamaza. Kugonga kukaendelea.

Mhudumu alinitazama, akafungua mlango. Papa alikuwa sakafuni, nusu ya mwili imekufa ganzi, kidole kimoja kikigonga chuma cha ukuta. Macho yake yalikuwa wazi, yametuelekea, kana kwamba yalitungoja usiku kucha.

Mama mmoja muuza samaki, aliposikia kelele zetu, alipanda haraka kutoka chini, wanakolala abiria wa mikekani. Akamshika kichwa, akampangusa mate.

"Munipeleke chini," papa alisema kwa shida. "Kwenye batu."

Tukamlaza katikati ya watu wa mikekani mpaka muganga wa hospitali ya Isangi akafika. Alinusurika.

Wanaoniuliza kama kabini inafaa, nawajibu kwamba chakula ni kitamu na shuka ni safi. Ila ukikohoa humo, hakuna wa kukuuliza, "Papa, iko nini?"